Mlango wa Ghala la Mbolea

Kambi ya Daraja, ukingo wa kusini
4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Sitapoteza wino kukuuliza kama hujambo, kwa sababu najua utajibu kwamba ungekuwa hujambo zaidi kama ningeandika mapema. Nimefika salama. Chumba changu ni nusu ya kontena lililopakwa rangi ya maziwa. Nusu ya pili analala mpima ardhi, ambaye hukoroma kwa mpangilio kama mtu anayekagua kazi yake. Nina meza, feni yenye ubawa mmoja uliopinda, na cheo: mkalimani wa Mhandisi Mkuu. Huyu, kama ujuavyo, ametumwa na mojawapo ya zile dola kuu mbili, na ninyi huko ng'ambo ya mto mna wenu waliotumwa na ile nyingine. Yeye hunena, mimi hufasiri, mafundi husikiliza. Mara nyingine hucheka kabla sijamaliza kufasiri, nami nashuku kwamba wanaelewa zaidi ya wanavyojifanya.

Mwambie shemeji sijasahau ubishi wetu wa likizo, pale sebuleni kwenu. Alisema vita ni vita, na kwamba anayekufa haulizi kama risasi imetoka kwa jirani au kwa mtu wa mbali. Ni kauli nzuri kwa mtu anayenyanyuka kwenda kulala, lakini si hoja. Vita vya kawaida vina sura. Kuna tangazo, kuna mstari ardhini, kuna sare. Unamjua aliyekupiga, na siku ya kushindwa unajua umkabidhi nani bunduki yako. Dola kuu hizi mbili haziwezi kupigana hivyo, kwa kuwa kila moja ina silaha za kuifuta nyingine na kujifuta yenyewe papo hapo. Kwa hiyo zinashindania pembeni, ndani ya nyua za watu wengine. Moja hutoa daraja, nyingine hutoa uwanja wa ndege. Moja humpa mkuu wa jimbo hili kituo cha redio, nyingine humpa mkuu wa jimbo lile magari. Wenyewe hupeana mikono mbele ya wapiga picha, huku sisi tukianza kutazamana kwa jicho la pembeni, na hakuna anayekumbuka nani alianza. Kwa kuwa vita hivyo havikutangazwa, hakuna atakayetangaza kwamba vimekwisha. Hiyo ndiyo tofauti. Shemeji anijibu, akiweza.

Nami sisemi kwa kubahatisha. Wiki hii nimefasiri michoro ya nguzo. Tunaambiwa daraja ni la malori ya miwa. Uzito ulioandikwa pale ungebeba malori hayo hata kama yangepandiana migongoni. Nilimuuliza Mhandisi ni miwa ya namna gani hiyo. Akaniambia, "Fasiri." Nikafasiri.

Huko kwenu je? Niambie shemeji anashindilia nini siku hizi.

Mdogo wako,
Profesa
(naona hakuna tena anayeniita kwa jina nililopewa)

*

Nyumba za Walimu
17 Machi

Profesa,

Barua yako niliisomea jikoni, sufuria ikaungua. Ukija utaisugua wewe, na shahada yako ukiivua uiweke pembeni isilowe.

Shemeji yako alizisikiliza hoja zako zote akiwa amelala chali sakafuni, maana ile rola ya kushindilia ardhi anayoiendesha inamtikisa mgongo kutwa nzima. Nilipofika kwenye "vita vya kawaida vina sura" akasema, "Huyu shemeji angekuwa fundi bomba, tungekunywa maelezo." Nilicheka, usinune. Kisha akasema jambo jingine, na hilo hakulisema kwa mzaha.

Bango la pale kazini kwao linasema ni uwanja wa ndege ndogo za kunyunyizia dawa mashambani. Lakini wanaamriwa kushindilia tabaka juu ya tabaka, unene ambao hata barabara kuu haina, na msimamizi wao wa kigeni hupiga magoti kwenye kila tabaka kama mtu aliyedondosha pete. Pembeni wamechimba vyumba vya zege, nusu ndani ya ardhi. Eti maghala ya mbolea. Juzi waliita rola ije kuvuta mlango mmoja hadi mahali pake. Anasema ni wa chuma, na wanaume wawili hawawezi kuusukuma. Kisha akaniuliza, "Hivi mbolea inamwogopa nani?"

Nakuambia wewe kwa kuwa ni mdogo wangu, na nimechoka kulibeba peke yangu. Shemeji yako alitia saini kiapo cha kunyamaza siku ya kwanza ya kazi. Waliouona mlango ule ukiwekwa ni wachache na wanafahamiana. Hapa anayevunja kiapo hafukuzwi tu. Mpishi wao mmoja alitaja sokoni anawapikia watu wangapi, akachukuliwa siku hiyo hiyo, na mpaka leo mke wake anazunguka na chakula kwenye chombo kutoka ofisi hadi ofisi, hakuna anayekiri kuwa naye. Kwa hiyo haya yameze, uyanywee maji.

Mpwa wako ameota meno. Anamng'ata baba yake tu, mimi ananiheshimu.

Dada yako

*

Kambi ya Daraja
30 Machi

Dada,

Nimeyameza. Sasa sikiliza ushindi wa mdogo wako.

Amekuja hapa kutoka makao makuu mtu anayeitwa Mshauri. Anashauri nini, hakuna anayejua. Ni wa taifa moja na Mhandisi, lakini anazungumza lugha yetu kwa ufasaha unaotia mashaka. Ana viatu laini visivyosikika kwenye sakafu ya mbao, na hutabasamu wakati mwenzake anapozungumza, si anapozungumza yeye. Jana aliketi nasi mezani mchana. Mazungumzo yakaingia siasa, nami, kama unavyonijua, sikuweza kuyaacha yapite.

Akasema, kwa upole wa mtu anayemfunika mtoto shuka, kwamba vijana waliosoma wanaota wakiwa macho. Ushindani wa dola kuu, alisema, ni wa biashara na maarifa tu, na wale wa kaskazini wanajenga uwanja wa kilimo, basi. "Bwana mkalimani, nadharia unayo. Nipe jambo moja ninaloweza kulishika kwa mkono."

Alisema hivyo mbele ya wahandisi wote, na mpima ardhi akachekea ndani ya kikombe. Ungependa ninyamaze? Nikamwambia kwamba katika vita vya kawaida ushahidi ni majeruhi. Katika vita vya pembeni ushahidi ni kitu kilichojengwa kwa nguvu kuliko kazi yake inavyodai. Daraja lenye nguvu kuliko miwa. Ghala lenye nguvu kuliko mbolea. "Na ni mbolea gani," nikamuuliza, "inayohitaji mlango wa chuma ambao wanaume wawili hawawezi kuusukuma?"

Mshauri akaweka uma chini, akanitazama kwa heshima ambayo sijapata kuiona machoni mwa mgeni yeyote, kisha akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

Usiwe na wasiwasi. Sikumtaja mtu. Sikutaja hata kwamba nina dada. Hoja ilijitosheleza. Ameniomba nimwandikie nadharia yangu kwa kurasa chache, naye ataisoma kwa makini. Mwambie shemeji kwamba hatimaye nimepata mtu wa kubishana naye ambaye halali katikati ya maelezo.

Mdogo wako,
Profesa

*

Nyumba za Walimu
11 Aprili

Profesa,

Barua yako niliyonayo ni ile ya kwanza tu. Kama umeandika nyingine, haijafika. Kivuko kimesimama, wanasema kinatengenezwa, na mafundi wenyewe wamevaa magwanda. Hii nampa nesi wa zahanati, ambaye bado anaruhusiwa kuvuka kwa boti ya dawa. Ataitia posta upande wenu.

Ijumaa tulikuwa tunakunja nguo. Redio ya jimbo lenu ikatoa maelezo baada ya habari. Msomaji akasema watu wa kaskazini wanaficha silaha za mabwana zao ndani ya maghala ya mbolea, yenye "milango ya chuma ambayo wanaume wawili hawawezi kuisukuma." Shemeji yako alikuwa ameshika shati, mkono mmoja umekunjwa na mwingine unaning'inia. Akabaki hivyo. Hayo yalikuwa maneno yake, Profesa, kama alivyoyasema pale sakafuni, hayakupungua wala kuongezwa.

Jumatatu wote waliouona mlango waliitwa mmoja mmoja. Wakamuuliza anakwenda kukaa wapi jioni, anapenda kuongea na nani, nani ana ndugu ng'ambo. Akasema mke wake ana mdogo wake huko, lakini yeye na huyo hawaelewani, wakikutana ni kubishana tu. Waliandika. Aliporudi aliniuliza neno moja: "Ulimwandikia?" Nikasema ndiyo. Hakunifokea. Afadhali angefoka.

Sasa hivi majirani wanatusalimu haraka haraka. Mwalimu mwenzangu, yule ambaye kila siku tunagawana chaki, leo alileta yake.

Nakuuliza bila kuzunguka, kama nilivyokuwa nikikuuliza ulipokuwa mdogo na sukari imepungua kwenye kopo: ulimwambia mtu? Jibu ndiyo au hapana. Nadharia usiniandikie.

Dada yako

*

Kambi ya Daraja
20 Aprili

Dada,

Jibu langu ni hapana. Ikiwa "kumwambia mtu" maana yake ni kutoa siri, nasema hapana kwa moyo mweupe. Nilijadili jambo la jumla, mezani, na watu wenye elimu, kama utakavyosoma katika barua yangu ya tarehe thelathini itakapofika. Mjadala si umbea. Sikutegemea kwamba wewe, uliyenifundisha kusoma, ungeshindwa kutofautisha hayo mawili.

Umeniumiza, lakini maumivu hayanizuii kufikiri. Hebu tuyapange mambo kwa utaratibu. Nani aliuona mlango? Shemeji. Nani aliyatunga maneno yale? Shemeji. Nani ana tabia ya kuurudia mzaha wake mpaka apatikane wa kuucheka? Unamjua. Alichokuambia wewe sakafuni, unaamini hakuwaambia wenzake kivulini wakati wa mapumziko? Na kwa nini aliporudi kutoka kuhojiwa alianza kukuuliza wewe? Mwenye jambo lake huwahi kuuliza, ili asiulizwe.

Nitakwenda mbali zaidi, na uniwie radhi. Likizo iliyopita nilimwona na saa mpya. Akasema aliinunua kwa fundi mwenzake. Nilinyamaza wakati ule kwa heshima ya nyumba yako. Lakini dola hizi hazitumi majeshi; humpata mtu mmoja hapa, mmoja pale, kwa kitu kidogo, na mara nyingi mtu mwenyewe hajui kwamba amekwisha kupatikana. Sisemi kwamba shemeji amepatikana. Nasema wewe unampenda, na anayependa hakagui. Mwangalie anakokwenda jioni. Na usimwambie kwamba nimekuandikia haya.

Kwa upande wangu mambo ni mazuri. Mshauri amezisoma kurasa zangu, na anataka nihamie ofisini kwake, makao makuu. Anasema watu wenye macho kama yangu ni adimu. Ni mtu mwungwana. Kila tukionana huulizia familia.

Mdogo wako anayekutakia mema,
Profesa

*

3 Mei

Shemeji,

Hii anakuletea nesi mkononi. Ukimaliza kuisoma ichome.

Mimi si mtu wa kuandika, utanivumilia. Barua zako mbili, ya Machi na ya Aprili, zimefika siku moja. Posta yenu iliziweka kwenye mfuko uliokuja na boti ya zahanati, na nesi akazichomoa kabla mfuko haujafika posta ya kwetu. Zingefika, nisingekuwa naandika hii. Uliyachukua maneno yangu, ukaandika hata kwamba mlango niliuona mimi, ukabandika stempu. Halafu zilikuwa zimeshafunguliwa huko kwenu na kugundishwa tena, vibaya, kama mtu asiyejali tukijua.

Dada yako alizisoma kwa kufuata tarehe, amesimama. Ya Machi alipofika kwenye ile chai, alikaa. Ya Aprili alinipa kabla hajaimaliza, nikaimaliza mimi. Kuhusu saa, niliinunua kweli. Inachelewa. Ukiitaka nitakupa.

Hali ni hii. Rola yangu amepewa mtu mwingine. Kila asubuhi naripoti kwenye ofisi yenye benchi na kalenda ya mwaka jana, nakaa mpaka jioni. Kuna afisa mpole sana, ananiita kaka. Anasema hawana shida na mimi, wanataka tu jina la mtu niliyemwambia, halafu nirudi kazini. Jina ninalo. Ni la mke wangu. Nikilitaja, benchi atakaa yeye, na baada ya benchi kuna lori, lile la wanaochukuliwa. Nisipolitaja, lori ni langu. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Dada yako anataka kwenda kujitaja mwenyewe. Nimemfichia viatu, na hii si mzaha.

Ule ubishi wetu, umeshinda. Nilisema anayekufa haulizi. Sasa nakaa benchi kutwa nauliza. Aliyenipiga ni yule wa chai, au ni redio, au ni huyu anayeniita kaka, au ni wewe? Kwenye vita vya zamani ningekuwa nimeshajua.

Usije huku. Na habari hii usiiandike posta.

Shemeji yako

*

12 Mei

Shemeji, na Dada kama utakubali kusomewa,

Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila mara imegeuka kuwa utetezi. Hizo nimezichana. Ni mimi. Siongezi neno baada ya hapo, kwa sababu nikiongeza nitaanza tena kubishana.

Nilikwenda kwa Mshauri. Nilimkuta anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda likishuka bila kukatika. Nikamuuliza kama ni yeye aliyepeleka maneno yangu redioni. Hakukana. "Bwana mkalimani," akasema, "wewe ndiye uliyenieleza kwamba katika vita hivi mwenye bunduki haonekani. Kurasa zako ni nzuri sana, nimezituma kwetu zisomwe." Kisha akanipa kipande cha chungwa, akaniuliza kama dada yangu hajaandika tena, na kama yule wa rola ana afya. Sikuwahi kumtajia dada. Sikuwahi kumtajia rola. Ndipo nikaelewa kwa nini alitaka kunipandisha cheo. Macho yangu hakuyahitaji. Alihitaji kuendelea kupata barua zenu, nami nilikuwa mtu wa kuzivuta.

Nilikuwa na kipande cha chungwa mkononi, sikujua nikiweke wapi. Nikala.

Nimeona jambo moja tu la kufanya. Kesho nitakuandikia kwa posta, Dada, barua ambayo nataka ifunguliwe pande zote mbili za mto. Itakuwa ya uongo. Msiikanushe, wala msiitetee. Mkiulizwa semeni ndivyo nilivyo. Afisa wenu anatafuta jina, nami nitampa langu. Mshauri naye nitampa sababu ya kunitupa. Mtayasoma humo mambo ambayo nimeishi nikihakikisha hakuna atakayeweza kuyasema juu yangu. Msinihurumie.

Dada, nina ombi. Nitukane. Niandikie kama siku ile nilipouza baiskeli yako nikakuletea kamusi, ulipofoka mpaka jirani akaja kutuamulia, na jioni tukala sahani moja. Nitukane hivyo, nami nitajua pa kusimama.

Nesi ananisubiri, boti haikai.

Mdogo wenu

*

Kambi ya Daraja
13 Mei

Kwa Dada,

Nimesikia kwamba maneno fulani yaliyotangazwa na redio ya jimbo letu yamewaletea usumbufu watu wa kwenu wasio na hatia. Naona ni wajibu wangu kueleza chanzo cha maneno hayo, kwa kuwa chanzo chake ni mimi.

Habari ya mlango wa ghala la mbolea niliitunga mwenyewe, mezani, tarehe ishirini na tisa Machi, mbele ya mashahidi, kwa sababu nilikuwa nimezidiwa katika mjadala na sikuweza kustahimili kuchekwa. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza lolote kuhusu ujenzi wa kwenu. Mlango niliouelezea ni wa ghala letu la baruti za kupasulia mawe, karibu na kontena ninamolala. Ni wa chuma, ni mzito, na yeyote anayetaka kuuona ataonyeshwa. Nilichukua mlango wa nyumbani nikauvusha mto kwa mdomo.

Mimi ni mtu wa namna hiyo. Shahada ilinifundisha kupanga maneno, haikunifundisha kujua mambo. Nadharia zangu kuhusu ushindani wa dola kuu nimeziokota katika vitabu ambavyo vingi nilisoma utangulizi na hitimisho, katikati nikaruka. Zile kurasa nilizomwandikia Mshauri ni za aina hiyo hiyo. Aliyezituma kwao na kuyapeleka maneno yangu redioni bila kuyachunguza alitegemea kisima kikavu, na ingekuwa vyema viongozi wake wakajua hivyo. Kwa sababu hiyo nakala ya barua hii nimemkabidhi Mhandisi Mkuu.

Mume wako, ambaye hatujaelewana tangu siku alipoleta posa, hana sababu ya kunitetea. Wewe nawe huna.

Mkalimani

*

9 Juni

Kwa Bwana Mkalimani,

Barua yako ya tarehe kumi na tatu Mei imefika na imesomwa na wote waliopaswa kuisoma. Walikwenda kuuliza kuhusu mlango wa ghala lenu la baruti, kwa njia zao. Wamesema upo.

Mume wangu amerudishwa kazini wiki iliyopita. Hayupo kwenye rola; amepewa fagio, anafagia njia ya kurukia ndege. Anarudi nyumbani jioni na vumbi lake kama zamani. Ofisini haitwi tena.

Uliyoyaeleza kuhusu tabia yako hayakutushangaza. Tangu utotoni ulikuwa mtu wa kutunga, na marehemu mama alikuwa akisema kwamba ungeweza kubishana na kivuli chako ukakishinda, kisha ukadai kikupigie makofi. Sisi tulikuwa tukicheka, tukidhani ni akili. Baiskeli yangu uliiuza na hukuniomba radhi mpaka leo. Ni kweli pia kwamba hukuwahi kuelewana na mume wangu. Sasa huelewani na mimi.

Mtoto tunamfundisha kutaja ndugu zake. Jina lako hatukumfundisha.

Tafadhali usituandikie tena, kwa posta wala kwa njia nyingine yoyote. Ukisikia habari zetu kwa watu, usizitolee maelezo.

Barua hii naiandikia ofisini, mchana, dirisha likiwa wazi. Nimekaa kwenye kiti, si kwenye benchi. Afisa ambaye amekuwa mpole kwetu siku zote ameniazima kalamu yake na ameketi upande wa pili wa meza. Kila ukurasa ninaoumaliza anausoma. Anasema nina mwandiko mzuri, unaonekana ni wa mwalimu. Sasa ameniuliza kama kuna neno ningependa kuongeza hapa chini, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja na nafasi imebaki.

Nimemwambia hakuna.

Mwalimu